Shoka Lako Halikuwa Bati: Maelezo kwa Wateja Wanaorudisha Mashoka Yaliyojikunja Makali

Mwezi uliopita mteja mmoja aliingia katika karakana yetu hapa Mafinga, akaliweka shoka juu ya meza kabla hata hatujamaliza kusalimiana, kisha akatamka maneno ambayo tumekwisha kuyazoea: "Fundi, uliniuzia bati." Makali yalikuwa yamejikunja upande mmoja kwa upana wa kidole gumba, kama ukingo wa sufuria iliyoangushwa sakafuni. Alilinunua kwetu kwa shilingi 45,000, ilhali sokoni mashoka yaliyopakwa rangi nyekundu hupatikana kwa shilingi 15,000, na hoja yake ilieleweka bila maelezo marefu: ikiwa yote hujikunja, alipe mara tatu kwa sababu gani?

Hatukubishana naye. Tulilisugua shoka kwa msasa kwenye bapa, karibu na jicho, yaani tundu la kutilia mpini, na chini ya vumbi ukatokea weusi wa moshi ulioganda, huku chuma chenyewe kikiwa na rangi ya kijivu iliyochanganyika na bluu mpaka makalini. Mpini ulikuwa mpya na haukutoka kwetu. Tulipomuuliza ule wa zamani ulitolewaje, alijibu kwamba ulivunjikia ndani ya jicho, kijana wake akaliweka shoka kwenye jiko la mkaa mpaka kipande kilichobaki kikaungua chote, kisha akatia mpini mwingine. Alilisema jambo hilo kwa utulivu kabisa, kwa sababu ndivyo kila mtu afanyavyo mtaani kwao, na tukiwa wakweli ndivyo watu wengi wafanyavyo huku kwetu, kuanzia wapasua kuni wa majumbani hadi vijana wanaopunguza matawi kwenye mashamba ya miti.

Yeye si wa kwanza. Sehemu kubwa ya mashoka yanayorudishwa kwetu kwa malalamiko yalitoka hapa yakiwa mazima, yakaharibiwa na moto, ama wa jiko ama wa grinda, na mteja hujiona ametapeliwa kwa sababu uharibifu huo hauonekani siku ile ile. Shoka lililochomwa lina umbo lile lile, uzito ule ule na hata makali yale yale, lakini likikutana na kifundo cha mti mkavu wa mlingoti (mkaratusi) ndipo siri hutoka.

Inafaa tueleze kile ambacho mteja hulipia. Mashoka yetu tunayafua kutokana na springi kuukuu za malori, kwa kuwa chuma chake kina kaboni ya takriban asilimia 0.6, kiasi kinachokiwezesha kuwa kigumu, tofauti na nondo nyingi za ujenzi ambazo kaboni yake ni ndogo mno kwa kazi hii. Hata hivyo, springi iliyofuliwa ikapata umbo la shoka na kuachwa ipoe yenyewe bado ni chuma laini. Kazi yenyewe imo katika mioto miwili. Katika moto wa kwanza tunalipasha shoka mpaka sumaku ikatae kulishika, jambo linalotokea kwenye joto la nyuzi 770 hivi, halafu tunaongeza kidogo mpaka wekundu uanze kuelekea rangi ya chungwa, ndipo tunapozamisha upande wa makali katika mafuta ya vuguvugu. Hatua hii hufanywa kwenye kona yenye giza, kwa sababu kwenye jua wekundu wa chuma humdanganya hata fundi mzoefu. Makali yakitoka hapo ni magumu kiasi cha tupa kuteleza juu yake, lakini huvunjika kama kioo, na shoka la namna hiyo halifai kupewa mtu.

Moto wa pili ndio unaotutofautisha na wale wauzaji wa bei nafuu. Tunalisugua bapa mpaka liangaze, tunaweka kisogo cha shoka kwenye mkaa uliotulizwa, kisha tunakaa na kutazama rangi zikitembea polepole kutoka kwenye jicho kuelekea makalini: kwanza manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na nyuma yake bluu. Zambarau ikigusa makali, yaani joto likifika karibu nyuzi 280, shoka hutolewa mara moja na kupoozwa. Anayefanya kazi hiyo haongei na mtu wala hapokei simu, hata kama anayepiga ni mteja mkubwa, kwa sababu akigeuza kichwa kidogo tu bluu itakuwa imekwisha kupita na itabidi kazi ianzwe upya. Sasa linganisha nyuzi hizo 280 na jiko la mkaa linalopulizwa, ambalo hupita nyuzi 600 bila shida yoyote. Ugumu tuliouhesabu kwa rangi unafutika katika muda wa kuchemsha chai.

Tumejiuliza mara nyingi desturi hii ya kuchoma mpini ilianzia wapi, na tunadhani jibu limo katika shoka lenyewe la asili. Shoka la wazee wetu halikuwa na jicho. Lilikuwa na mkia mwembamba uliopenya kwenye kichwa kinene cha mpini, na kila pigo liliusukuma mkia huo ndani zaidi, kwa hiyo lilikaza kadiri lilivyotumika. Tundu la kupitishia mkia lilitobolewa kwa kuunguza: mkia ulitiwa motoni, ukachomekwa mtini ukiwa mwekundu, ukarudiwa hivyo mpaka ukatokea upande wa pili, na muda wote huo makali yalibaki nje ya moto. Moto ulikuwa sehemu halali ya kazi. Tulipohamia kwenye shoka la jicho, tuliuchukua ule moto tukasahau kwamba sasa makali yanakaa sentimita chache tu kutoka kwenye mkaa. Mzee mmoja aliyetuletea shoka lake kutoka vijiji vya Mufindi alitueleza kwamba yeye akilazimika kuchoma mpini hufukia makali yote katika tope bichi na kuwasha moto mdogo juu ya jicho peke yake. Shoka lake lilikuwa zima kabisa. Hata hivyo hatumshauri mteja aige, kwa sababu tope hukauka na watu husahau.

Njia iliyo salama ni ya mikono. Mpini uliovunjika ukatwe kwa msumeno usawa wa chuma, kipande kilichobaki kitobolewe matundu kadhaa kwa dreli, kisha kigongwe kwa kipande cha nondo kutoka upande wa chini kuelekea juu, kwa kuwa jicho la shoka lililotengenezwa vizuri ni pana zaidi juu ili kabari iweze kuutanua mpini na kuubana. Anayegonga kuelekea chini hujitesa bure. Kazi yote haizidi nusu saa.

Kuhusu grinda tutasema machache, ingawa ndiyo inayotuudhi zaidi. Grinda ndogo ya mkononi huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika, na ukingo mwembamba wa makali hauna pa kupelekea joto lile. Ukiona mstari wa bluu umetokea kwenye makali wakati wa kunoa, sehemu hiyo imekwisha kulainika, na dawa yake ni kuiondoa yote taratibu kwa tupa, yaani kupoteza milimita kadhaa za chuma ulichokilipia. Kijana mmoja wa mbao alitunolea shoka lake mbele ya macho yetu kwa namna hiyo, akajisifu kwamba dakika moja imetosha, na kweli lilikata kama wembe hadi mchana wa siku hiyo. Tupa na kinoo huchukua robo saa, lakini makali yake hukaa.

Tusijifanye malaika. Mwaka tulioanza kazi hii tulikuwa tukizamisha springi katika maji badala ya mafuta, na mashoka saba kati ya yale ya mwanzo yalipata nyufa. Mengine yalitokeza ufa hapa hapa karakanani, lakini mawili yalimegeka mikononi mwa wateja asubuhi ya mwezi wa saba, wakati wa umande ulioganda. Tulirudisha fedha zao na tukalipa nauli ya mmoja wao. Tofauti kati ya kosa letu na kosa la jiko huonekana kwa macho: makali yaliyozidi ugumu humegeka na kuacha pengo lenye chembechembe zinazong'aa, ilhali makali yaliyochomwa hujikunja. Ukituletea lililomegeka tutalibadilisha. Ukituletea lililojikunja tutatafuta kwanza dalili za moto.

Anayenunua shoka kwa mara ya kwanza, liwe la kwetu au la mwingine, aanze kwa kusema kazi yake. Dereva mmoja anayepeleka watalii wa mahema Ruaha alitaka shoka kubwa kuliko yote rafuni, lenye kichwa cha kilo mbili, la kuangushia miti. Tulimkumbusha kwamba hifadhini hatakata mti wowote, kwa hiyo kazi pekee atakayokuwa nayo kambini ni kupasua vipande vya kuni alivyonunua njiani ili viwake haraka, kazi ambayo kichwa cha gramu 800 au 900 chenye mpini wa sentimita 50 hivi huifanya vizuri, na kikakaa chini ya kiti cha gari bila kumsumbua mtu. Alinung'unika kwamba tunamuuzia kitu cha mtoto. Tangu hapo amechukua mengine matatu kwa ajili ya wenzake. Kwa kupunguza matawi ya misindano tunapendekeza kichwa cha kilo moja na nusu chenye mashavu membamba, na kwa kupasua magogo tunapendekeza zito zaidi lenye mashavu yaliyonenepa, kwa kuwa jembamba huzama mtini na kung'ang'ania. Shoka moja la kazi zote tunaulizwa kila wiki, na kila wiki tunajibu kwamba hatulitengenezi.

Baada ya uzito, utazame mpini kuliko unavyoitazama rangi ya kichwa. Ushike kwa mbali, ufumbe jicho moja, uangalie kama makali na mpini vimekaa katika mstari mmoja. Fuata nyuzi za mti kwa kidole: ziende kutoka mwisho hadi mwisho bila kutoroka pembeni, na pasiwe na kifundo. Sisi hutumia mti wa mkole, na hupasua gogo kwa kabari badala ya kulipasulia kwenye mashine, kwa sababu msumeno hukata nyuzi lakini kabari huzifuata. Mpini uliopakwa rangi nzito tunautilia shaka, maana rangi huficha nyuzi na huutelezesha mkono wenye jasho. Wa kwetu hupakwa mafuta ya alizeti tu. Omba pia kujaribu tupa makalini. Ikiteleza kabisa, chuma kimezidi ugumu. Ikila kwa urahisi kama kwenye msumari, weka shoka chini uondoke. Inapaswa kushika kwa shida. Muuzaji anayekukatalia jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Shilingi 45,000 zetu, kwa hiyo, zimo katika mpini uliokaushwa miezi kadhaa, mkaa wa mioto miwili na siku nzima ya fundi, na hatutaipunguza bei hiyo kwa kuruka moto wa pili. Kubadilisha mpini ni shilingi 8,000, na kwa shoka lililonunuliwa hapa hatutozi chochote kwa kutoa kipande kilichovunjikia ndani. Kurudishia ugumu shoka lililochomwa ni shilingi 12,000, liwe limeharibiwa na jiko au na grinda.

Yule mteja wa bati alilipa shilingi 12,000 hizo baada ya kunyamaza kidogo, akataka atazame kazi ikifanyika. Alisimama kwenye kona ya giza pamoja nasi, akaona sumaku ikidondoka, akaona zambarau ikifika makalini. Wiki hii amemtuma kijana wake alete shoka la jirani lenye mpini uliovunjika, likiwa limefungwa kwenye gunia, halijachomwa, na kipande cha mti bado kimo ndani ya jicho.