Kompyuta ya mtumba inayonuka sigara: tatizo liko ndani

Wateja wengi wanaotuletea kompyuta za mtumba zenye harufu ya sigara huwa wameshazifuta kwa sabuni na kuzipulizia manukato. Harufu inapoa siku mbili tatu, kisha mashine ikipata moto inarudi vilevile. Kinachonuka hakiko kwenye kava.

Moshi wa sigara hubeba lami na nikotini, na feni ya kompyuta huvuta hewa ya chumba muda wote inapozunguka. Mwenye mashine akiwa anavutia sigara palepale mezani, moshi unapita ndani yake kila siku. Lami hujibandika kwenye feni, kwenye mapezi ya kipoozeo (kile chuma kinachoondoa joto la prosesa) na juu ya bodi ya saketi, ikaacha utando wa kahawia unaonata. Vumbi likishatua hapo halitoki, hata bloa haifui dafu. Joto linakosa njia, feni inapiga kelele, mashine inakuwa nzito au inajizima yenyewe. Kwetu huku Pwani kuna la ziada: utando huo hushika unyevu, na unyevu ukikaa kwenye miguu ya vifaa vya bodi, kutu huanza.

Kwa hiyo tunafungua mashine yote. Bodi tunaisugua kwa brashi laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ambayo ina maji machache mno na hukauka upesi. Pamba ya kwanza hutoka na rangi ya chai; tunarudia mpaka itoke nyeupe. Kava la plastiki linaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mbali na bodi. Kioo hatukipaki spiriti kali, kwa sababu inaweza kuharibu utando wake wa juu. Pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kwenda kwenye kipoozeo, tunaiweka mpya, kwani kipoozeo kimeshang'olewa.

Sponji, vichujio vya vumbi na vitambaa vya spika ni habari nyingine. Harufu imezama humo, na kwa maoni yetu kuviosha ni kupoteza hela yako. Tunavibadilisha.

Kuna pia plastiki nyeupe iliyogeuka njano. Kitambaa chenye sabuni kikitoka na rangi, ni moshi, na itasafishika. Kisipotoka na kitu, plastiki yenyewe imezeeka kwa mwanga, na weupe hatuwezi kukuahidi.

Tafadhali, usifungue pawa saplai (kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme) nyumbani. Kwa umeme wetu wa volti 230, kapasita kubwa zilizomo, yaani vifaa vinavyohifadhi chaji, hubeba volti zaidi ya 300, na chaji inaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Hiyo tuachie sisi.

Kama bado hujanunua, omba mashine iwashwe ifanye kazi nusu saa, halafu nusa pale hewa ya moto inapotokea. Na ukituletea kompyuta mpakato, njoo na chaja yake, maana tunapima joto kabla ya kuifungua na tena baada ya kuifunga, wewe ukiangalia.