Hema la oksijeni halimwungi mkimbiaji muundi

Mhariri,

Mkimbiaji wa mbio ndefu akipata ufa kwenye muundi, siku hizi hakosi wa kumwambia akalale ndani ya tangi la oksijeni. Sisi tunaotibu wakimbiaji twaomba kwanza aelewe analipia nini.

Tangi la hospitali hupandisha shinikizo hadi mara 2 au 2.5 ya lile la usawa wa bahari. Mgonjwa huvuta oksijeni tupu dakika 60 hadi 90, na hurudia vikao 20 au zaidi. Chembe nyekundu za damu huwa tayari zimekaribia kujaa oksijeni, hivyo kinachoongezeka ni ile inayoyeyuka kwenye majimaji ya damu.

Mahema laini ya kupuliza ni kitu kingine. Huongeza takriban 0.3 tu ya shinikizo la usawa wa bahari juu ya lile la mahali yalipo, na mengi hujazwa hewa ya kawaida. Iten, mji wa mazoezi ya wakimbiaji hapa Kenya, uko mita 2,400 hivi juu ya bahari, kwa hiyo anayelala humo huko huwa kama ameteremka Mombasa, bila kuogelea.

Hata lile tangi la hospitali, kwa ufa wa wakimbiaji ushahidi wake ni haba. Ukiingia na mafua, ngoma ya sikio inaweza kuumia. Mwenye hewa iliyovuja kifuani haruhusiwi kabisa.

Muundi hupona kwa kuacha kukimbia, kwa kawaida wiki 6 hadi 8. Ukiuma hata kwa kutembea, tumia magongo. Eksirei ya wiki 2 au 3 za kwanza mara nyingi haioneshi kitu, na hapo ndipo wengi hurudi mazoezini na kuuvunja mfupa kabisa. MRI, kipimo cha picha kitumiacho sumaku, huuona ufa mapema. Diklofenaki huficha maumivu tu. Maumivu ya kinena yasisubiri: ufa wa upande wa juu wa shingo ya mfupa wa paja huweza kuhitaji upasuaji, basi nenda hospitali siku hiyo hiyo bila kuukanyagia mguu.

Halafu chakula, ambacho makocha hukisahau. Anayekimbia sana huku akila kidogo hunyima mfupa nguvu ya kujijenga. Msichana aliyekosa hedhi miezi 3 apimwe kabla hajarudi uwanjani, hata kama mguu hauumi tena.

Kurudi kuanze baada ya wiki nzima ya kutembea bila maumivu: kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8, siku moja ukimbie, inayofuata upumzike. Sehemu ileile ikiuma, simama.

Watibabu wa wanariadha,
Eldoret