Memori za DDR3L msizisukumie umeme kiholela

Mhariri, habari za kazi. Ukurasa wenu wa teknolojia ulisema kompyuta ya mezani ikiwa nzito ingia bayosi (ile menyu ya mipangilio kabla mashine haijawaka) uovakloki memori, yaani RAM uipandishie spidi kupita ya kiwandani, basi, hamkusema memori ipi wala voltiji ngapi, na hapo ndo watu wanaunguza vitu.

Mimi yalinikuta. Nilinunua RAM mbili za giga 8, DDR3L, na hiyo L ya mwisho ndo habari yenyewe manake imetengenezwa kula volti 1.35 wakati DDR3 ya kawaida inakula 1.5. Fundi wa dukani akapandisha spidi toka 1600 mpaka 1866, voltiji akaisukuma hadi 1.65, akanambia hapa itakimbia kaka. Ikakimbia siku mbili. Ya tatu naandika invoisi ya mteja mashine ikaganda, kuwasha tena skrini ya bluu, faili nililolisevu likagoma kufunguka. Kumrudia fundi, ananambia eti virusi!

Ndo nikakaa nayo mwenyewe. Ile 1.65 ni ya zile DDR3 za wacheza gemu. Kiwango cha DDR3L ni kati ya 1.283 na 1.45, na kwenye bodi ya 1.5 inakubali pia, lakini 1.65 hakuna aliyekuahidi. Halafu kinachoendesha memori siku hizi kiko ndani ya prosesa, kwa hiyo umeme ukizidi haiumii RAM peke yake. Na kilichoniuma zaidi, ili ifike 1866 yule fundi alilegeza CL (idadi ya mapigo memori inayosubiri kabla ya kutoa data) toka 11 mpaka 13, piga hesabu: 1600 kwa CL11 jibu la kwanza linakuja baada ya nanosekunde 13.75, 1866 kwa CL13 ni 13.9. Data inapita nyingi zaidi kwa sekunde, sawa, ila kwa mtu wa invoisi kama mimi hiyo ni namba ya kumringia jirani tu.

Nikarudisha 1600, CL11, 1.35, nikaweka Memtest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi nikaiacha usiku kucha, asubuhi makosa sifuri. Nikajaribu CL9, mistari myekundu ya makosa ikajaa skrini hata chai sijamaliza. CL10 ikapita. Basi nikaanza kushusha voltiji, 1.33, halafu 1.30, kila hatua usiku mzima (mke wangu alishachoka na lile feni), zote zikapita. Nikaingiwa na tamaa nikaweka 1.25, ikagoma kuwaka, giza totoro, nikachomoa waya wa umeme na kile kibetri cha CR2032 kinachotunza mipangilio ya bayosi, nikasubiri kidogo, kurudisha ikafufuka.

Msidhani LUKU itaona tofauti, RAM inakula wati chache tu. Faida ni joto, ukiigusa sasa ni vuguvugu.

Wenye mashine za mtumba za maofisini wala wasihangaike, bayosi zake nyingi hazina hata pa kubadilisha hivi vitu. Ila wengine mkiwaandikia tena waambieni kwanza wasome stika ya RAM, ikiwa imeandikwa PC3L ni hizi hizi. Yangu bado iko 1.30 na CL10, mwezi wa tano huu, invoisi zinafunguka.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam