Ichukue kazi ya modeli, ila uulize kwanza

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hapa Muheza hatujambo, mama yako anakusalimu, hofu ni juu yako uliye mbali.

Ama baada ya salamu, nimeupata ujumbe wako kuhusu zile nafasi mbili za utafiti wa baada ya uzamivu. Moja inakubakiza idara ya hisabati. Nyingine inakuweka kati ya wanabaiolojia, madaktari na watu wa hali ya hewa, uunde nao modeli za malaria, yaani hesabu za kuonyesha ugonjwa unavyoenea, nawe unaogopa usije ukawa si wa huku wala si wa kule. Mimi nakuombea hiyo ya pili.

Ronald Ross alikuwa daktari. Mwaka 1897, akiwa India, alikuta vimelea vya malaria tumboni mwa mbu, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Bado walimbishia: mbu wote mtawamaliza vipi? Akashika hisabati, na katika kitabu chake cha 1911 akaonyesha kwamba si lazima waishe. Wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa hufifia. Miaka ya 1950 George Macdonald akaiendeleza hesabu hiyo, akaona jambo kubwa ni umri wa mbu. Kimelea huhitaji kama siku 10 au zaidi kukomaa ndani yake. Piga mwenyewe: kila siku wakipona mbu 9 katika 10, baada ya siku 10 wamebaki 35 katika 100. Wakipona 8 katika 10, wanabaki kama 11 tu. Ndiyo nguvu ya dawa inayopulizwa ukutani: mbu akitua hapo, wengi hufa kabla kimelea hakijakomaa. Nimesoma slaidi za damu maisha yangu yote ya kazi, na hesabu hii hadi leo inanisisimua.

Lakini kijiji nacho kina lake. Huko Garki, kaskazini mwa Nigeria, katika mradi ulioanza 1969, walipuliza dawa majumbani na kugawa vidonge, wanahisabati wakiwa ndani ya mradi huo. Malaria ilipungua sana, haikukatika. Baadhi ya mbu hawakuwa wakitua ukutani, walipumzika nje. Hilo lilijulikana kwa watu waliokesha wakikamata mbu.

Kwa hiyo mkataba usiuangalie mshahara tu. Kama msimamizi wako ni mwanahisabati, omba upewe msimamizi wa pili anayemjua mbu. Pawe na fungu la safari za kwenda zinakotoka takwimu, iwe vituo vya utafiti wa malaria vya Ifakara, Kilifi au kwingineko, ukae huko wiki kadhaa uone zinavyokusanywa. Na wale wanaozikusanya, majina yao yaingie kwenye makala. Hili nakusihi sana, maana nimewaona wengi wakisahaulika. Nafasi nyingi za namna hii ni za miaka miwili au mitatu, basi ujue mapema fedha za mwaka wa mwisho zipo au zinatafutwa.

Wakikujibu vizuri, saini. Wakilikwepa suala la msimamizi wa pili, nipigie kabla hujawajibu.

Baba yako