Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wetu, wanachama wenzangu, na wageni mliokubali mwaliko,

Akidi imetimia, na kwa mujibu wa katiba natoa taarifa ya kamati ya utendaji ya chama chetu cha waliosoma vyuo vidogo vya Marekani kwa mwaka unaoisha. Hesabu atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia, ila kwa neno moja tu: wanaolipa ada ni wale wale, na wanaouliza ada zinakwenda wapi ni wengine kabisa.

Kazi iliyoila kamati mwaka huu ni daftari la wahitimu mashuhuri. Mlituagiza tuliandae ili wanafunzi wa sekondari tunaowatembelea wapate kuona vyuo vidogo vya Marekani tulivyosoma vimetoa watu gani. Wageni wetu waelewe kwamba vyuo hivi vingi havizidi wanafunzi elfu mbili au tatu, huishia shahada ya kwanza, na anayesomea biolojia hulazimika kupita kwenye historia, falsafa na lugha. Hapa kwetu havina jina. Mwajiri akiona Harvard kwenye cheti hunyanyuka kitini. Akiona Antioch huuliza ni mtaa gani.

Ubishi ulianza kwenye swali la nani aingie. Kamati iliweka sharti kwamba awe alipata shahada katika chuo hicho. Sharti hilo lilimwondoa Walter Mondale, makamu wa rais wa Marekani, aliyeanzia chuo cha Macalester lakini akamalizia Chuo Kikuu cha Minnesota. Kwake hakuna aliyelia. Lakini lilimwondoa pia John Dube, aliyefika Oberlin, Ohio, mwaka 1888 akasoma maandalizi na kuondoka bila shahada. Huyu ndiye aliyeanzisha shule ya Ohlange kule Natal, akawa mwaka 1912 rais wa kwanza wa chama ambacho leo ni ANC, na ni Ohlange ambako Mandela alikwenda kupiga kura yake mwaka 1994. Mzee wetu mmoja alisimama kikao kizima akimtetea. Msimamo wangu haujabadilika: sharti libaki, maana tukilegeza kwa Dube tutalegeza kwa kila aliyepita getini. Hata hivyo nimekubali suala hilo liletwe kwenu mlipigie kura.

Oberlin haikukosa mtu wa kuandikwa. Ilianzishwa 1833, ikapokea wanafunzi weusi tangu 1835, na mwaka 1862 Mary Jane Patterson akahitimu hapo, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani anayejulikana kupata shahada ya kwanza. Kwa watu wa pwani hii yetu, jina zito ni Eduardo Mondlane wa Msumbiji. Alifukuzwa Afrika Kusini alikokuwa akisoma, Lisbon hakukukalika, akaishia Oberlin na kuhitimu 1953. Alipata uzamivu, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, akafundisha chuo kikuu cha Syracuse. Kisha akauacha ualimu huo kwenda Dar es Salaam, ambako FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Juni 1962 naye akiwa rais wake. Bomu lililofichwa ndani ya kifurushi lilimuua jijini humo tarehe 3 Februari 1969. Wanachama wetu wa Dar wameahidi kumwandikia ukurasa, na bado tunausubiri.

Wangari Maathai hakuleta ubishi wowote, lakini namna ya kumwandika ilitupa kazi. Alitoka Loreto Limuru, akapanda ndege Septemba 1960 akiwa na miaka 20, akafikia Atchison, Kansas, mji mdogo kando ya mto Missouri, katika chuo cha wasichana kilichoendeshwa na masista Wabenedikto, Mount St. Scholastica. Alisoma biolojia, akaongeza kemia na Kijerumani, akahitimu 1964. Wanafunzi tunaowasimulia hucheka wakisikia Kijerumani. Basi mwaka 1967 alikwenda Giessen na Munich kwa utafiti wa uzamivu, na 1971 akatunukiwa shahada hiyo na Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Kwa mzazi anayeuliza masomo ya kuchanganya yana faida gani, mimi huanzia hapo.

Rasimu ya kwanza ilisema kwamba Atchison ndiyo iliyomfanya awe Wangari tunayemjua. Tuliifuta sentensi hiyo. Hoja ya kuni, maji na udongo, iliyozaa kampeni yake ya kupanda miti, aliipata kwa akina mama wa mashambani, na miche saba ya kwanza ilipandwa Kamukunji mwaka 1977, mbali sana na Kansas. Vyuo hupenda kujitwalia sifa za watu wao, hasa wakishapata Nobel. Sisi tuseme walichosoma, kisha tuwaache waliowafunza mengine nao wapate haki yao.

Ndiyo maana kamati inapendekeza kila ukurasa wa daftari ujibu pia swali ambalo vyuo havilijibu: nani alilipa? Kwa waliopelekwa kusoma Marekani kwa ndege za Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya, jibu ni refu. Mboya alizunguka Marekani mwaka 1959 akiomba nafasi chuo hadi chuo, na Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte walisaidia kuchangisha. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Na huku nyumbani kulikuwa na karamu za chai, ng'ombe waliouzwa, na vijiji vilivyochangia mtoto ambaye si wao. Wachangiaji hao hawamo kwenye kitabu cha chuo chochote. Wanachama wenye barua, risiti au picha za wazazi wao za wakati huo wazilete kwa katibu. Zitanakiliwa na kurudishwa siku hiyo hiyo.

Kofi Annan, wa Ghana, aliyekuja kuwa katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alihitimu Macalester mwaka 1961 baada ya miaka miwili tu. Mwenyewe alisimulia mara nyingi jinsi alivyodharau vifuniko vya masikio hadi baridi ya Minnesota ilipokaribia kumgandisha, akajifunza kutojidai kwamba anaijua nchi kuliko wenyeji. Tuliokuwa Nairobi mwanzoni mwa 2008, alipokuja kupatanisha baada ya ghasia za uchaguzi, tulimwona akiketi, akisikiliza, akisubiri, hadi Kibaki na Raila walipotia saini tarehe 28 Februari. Anaingia.

Mbiyu Koinange wa Ohio Wesleyan anaingia pia, kwa chuo cha walimu cha Githunguri alichokianzisha zaidi kuliko kwa uwaziri.

Sasa Antioch, alikosoma Gikonyo Kiano, aliyekuja kuwa waziri Kenya, kabla ya kwenda Stanford na kupata uzamivu wake Berkeley mwaka 1956. Coretta Scott, aliyekuja kuolewa na Martin Luther King, alihitimu hapo 1951. Ni chuo ambacho tangu 1921 wanafunzi wake husoma muhula na kufanya kazi ya mshahara muhula mwingine. Kilifungwa 2008 kwa kukosa fedha. Wahitimu wake wakachanga, wakakinunua, na mwaka 2011 kikapokea wanafunzi tena. Nalileta hili kwa sababu vyuo vidogo vinaendelea kufungwa Marekani, na baadhi yenu mmeshapata taabu pale wakaguzi wa vyeti walipoandikia chuo ambacho hakipo. Kila mwanachama aagize nakala rasmi ya matokeo yake sasa, chuo kingali hai. Chuo kikifungwa, kumbukumbu hukabidhiwa chuo kingine au ofisi ya jimbo, na kuzitafuta ni kazi. Katibu msaidizi ameteuliwa kuwasaidia waliokwama, mwoneni leo.

Ziara za shule ziliendelea, ingawa tulifika shule chache za pwani kuliko tulivyotaka kwa sababu ya nauli. Ushauri wetu haujabadilika: mwombaji asitazame ada iliyoandikwa, atazame chuo kinampa msaada kiasi gani mwanafunzi wa kigeni, na asimlipe wakala yeyote kwa ahadi ya ufadhili. Mfuko wa rambirambi ulizifikia familia zote zilizofiwa.

Maazimio ya kupigiwa kura ni mawili: kwanza sharti la shahada, na suala la Dube ndani yake, pili swali la nani alilipa liwe sehemu ya kila ukurasa. Baada ya hapo ni uchaguzi. Muda wangu umekwisha kikatiba na sigombei. Fomu ziko kwa katibu, zirudishwe kabla ya mapumziko ya chai. Asiyelipa ada ya mwaka huu anaweza kulipa pale pale mezani, kisha achukue karatasi yake ya kura.