Barua kwa mwanangu anayekwenda kukamata unga

Mwanangu,

Hatujambo hapa nyumbani. Mama yako anaendelea na vidonge vya presha, ila akijisikia nafuu anaviruka. Ukipiga simu mkemee wewe, mimi hanisikii. Nimeambiwa umepangiwa uwanja wa ndege na unaripoti Jumatatu. Nimefurahi mpaka nimemwambia muuza maziwa. Usingizi tu ndio sina.

Siku ile uliniuliza kama fedha ambazo serikali inamwaga kwenye vita ya dawa za kulevya zina faida, wageni wakatukatiza, mjomba wako akakujibu kwa sauti kubwa kama kawaida yake. Mimi nasema hivi: nyingi zinapotea, na mahali zinapopotelea hapana kamera. Ni kwenye bahasha na kwenye daftari la vielelezo. Kwa hiyo nakuomba, mama, usisaini uzito ambao hukuuona kwa macho yako kwenye mizani.

Chukua mtu aliyemeza pipi, yaani vifurushi vidogo vya unga. Atawekwa chini ya uangalizi, pengine siku tatu au nne. Kila akijisaidia iandikwe saa, idadi ya pipi zilizotoka, asaini yeye, asaini askari wa zamu, asaini shahidi huru. Zamu ya usiku ikichoka, asubuhi inajaza safari zote tatu kwa mkupuo, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja. Wakili mzuri ataligundua hilo kabla hajakaa kitini. Na pipi ikipasuka tumboni, usishike kalamu. Kama ni heroini atasinzia, pumzi itapungua, mboni zitakuwa ndogo kama kichwa cha pini. Kama ni kokeini atahema, atatoka jasho, anaweza kupata degedege. Hospitali kwanza, karatasi baadaye.

Kwenye hati ya ukamataji usiandike "heroini". Andika unga udhaniwao kuwa dawa za kulevya, rangi yake, idadi ya vifurushi, alama za kila kimoja. Kitendanishi cha Marquis, ile kemikali ya kupimia hapohapo, kikigeuka zambarau kinakuonyesha njia tu. Kuthibitisha ni kazi ya Mkemia Mkuu. Funga, piga lakiri, wote wasaini juu ya mfungo, kisha toa stakabadhi ya mali iliyokamatwa. Stakabadhi ndiyo inayosahaulika, maana kila mtu anakimbilia kupiga picha na mzigo. Halafu kila mkono unaopokea uandike: nani kampa nani, tarehe, saa, mfungo ulikuwa mzima au la. Mahakama ya Rufani ililisema hili wazi katika kesi ya Paulo Maduka, rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007. Baadaye ililegeza kidogo kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi. Gari halibadilishwi kirahisi. Unga unabadilishwa na sembe wakati wewe umekwenda kunywa chai.

Mizani iwe na muhuri wa Wakala wa Vipimo. Ukikamata bangi mbichi, andika kwamba ni mbichi, kwa sababu itakauka stoo na maabara itasoma kilo pungufu, na upungufu huo utaulizwa wewe. Uzito ndio unaopima adhabu, kwa hiyo kila gramu ina mtu anayeitafuta, wa upande huu na wa upande ule.

Hata mkifika mahakamani hamjamaliza. Tangu kesi ya Robinson Mwanjisi ya mwaka 2003 inajulikana kwamba nyaraka ikishapokelewa lazima isomwe kwa sauti. Isiposomwa inaondolewa kwenye kumbukumbu, hata iwe ripoti ya mkemia yenyewe. Sasa piga hesabu, wewe si ulisoma uhasibu: mafuta ya gari, posho za usiku, kemikali za maabara, chakula cha mahabusu miaka kadhaa kwa sababu mashitaka ya mzigo mkubwa hayana dhamana, mawakili wa serikali, majaji watatu wa rufaa. Yote yanakwenda na ukurasa ambao hapana aliyeusoma. Mtuhumiwa anatoka, na hakuna anayeweza kusema kama alikuwa na hatia au hakuwa nayo. Hiyo ndiyo hasara ninayoijua mimi. Kuna sahihi yangu mahali fulani ambayo isingepaswa kuwapo. Mama yako anajua, tusiliongee.

Umesaini? Umepima mwenyewe? Utaniona mzee msumbufu, sawa.

Jambo jingine, na hapa mjomba wako alikuwa na nusu ya ukweli aliposema fedha zinaishia kwa kukamata wadogo. Mwezi ukienda bila mzigo mkubwa, mtatumwa maskani kuwazoa mateja wenye kete moja moja ili takwimu zipande. Kete moja inakula fomu zilezile, maabara ileile, hakimu yuleyule. Na unga ukiadimika mtaani kwa wiki mbili, mwenye arosto, yale maumivu ya kukosa unga, haachi. Pusha, yule muuzaji, anauchanganya zaidi, na aliyekuwa anavuta anaanza kujidunga kwa sababu kwa sindano hakuna unga unaopotea na moshi. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini vinaingia hapo, na bili inakwenda wizara nyingine.

Methadoni, dawa ya kunywa inayomtibu mwenye uraibu wa heroini, ndiyo fedha iliyonyooka. Muhimbili walianza Februari 2011. Mgonjwa anaanza na miligramu 15 hadi 30, anapandishwa taratibu, wengi wanatulia kati ya 60 na 120. Anakunywa mbele ya muuguzi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Wanaoacha mara nyingi wameshindwa nauli. Au wameanza dawa za kifua kikuu, maana rifampisini inaiondoa methadoni mwilini haraka, arosto inarudi na mtu anadhani kalogwa, kumbe dozi ilipaswa kuongezwa. Askari akikamata mtu mmoja getini pa kliniki, kesho hawaji kumi. Usisimame pale na sare yako, hata ukitumwa. Tafuta sababu. Gari bovu ni sababu.

Sisemi msikamate. Anayeleta kilo kwa jahazi kutoka pwani ya Makran, huko Irani na Pakistani, akamatwe, na kesi yake isimame mpaka mwisho. Ninachohofia ni siku utakapoletewa bahasha iliyokwisha kufungwa, na mkubwa wako akwambie weka sahihi hapa, sote tuna haraka. Mwambie ifunguliwe, ipimwe upya, iandikwe kwamba imefunguliwa. Atakuchukia. Vumilia.

Viatu vyako vyeusi nimevipeleka kwa fundi, soli ilikuwa imeachia upande mmoja. Ada ya mdogo wako nimelipa nusu, nyingine baada ya kuuza mahindi, usitume chochote mshahara wa kwanza. Mbuzi yule mweupe amezaa mapacha. Paa la jiko tunaezeka wiki hii. Duka limeleta bati tisa, moja imetoboka, na karatasi yao imeandikwa kumi. Kijana wa kirikuu bado amekaa hapo kibarazani ananisubiri nisaini. Nimempa uji.

Baba yako