Mwambie shemeji asiagize kuku

Kikwajuni, Unguja
20 Novemba 2022

Shoga yangu Mama Kulwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikicheka peke yangu jikoni mpaka mama akauliza kuna nini. Unataka nikutajie mgahawa mzuri wa samaki kwa safari yenu ya Krismasi, kisha mwishoni kabisa unanidokeza kwamba shemeji ameshaamua yeye atakula kuku. (Na usinune nikikuita shoga. Najua kwenu bara neno limeshaharibiwa. Huku kwetu bado ni rafiki wa kike wa moyoni, na mimi siachi.)

Basi mwambie maneno yake sijayasahau. Julai ile ya 2018, boti imeshapiga honi, akasimama na begi lake mbele ya mama yangu akasema: "Samaki wa baharini ni wa kutazama, wa kula ni sato." Mama akacheka kwa adabu. Mimi sikucheka, maana ukweli alikuwa na haki. Siku zote nne mlilala ufukweni na kula hapo hapo mlipolala, na siku niliyowafuata nilikiona mwenyewe kile mlichopewa: minofu ya kwenye friza, imekaangwa ikawa ubao, ikafunikwa mchuzi mweupe kama wanaificha. Kisha yule jodari wa jioni ya mwisho, Doto akawashwa mwili mzima, mkasema mtoto hapatani na bahari. Huenda. Lakini jodari akiachwa juani bila barafu huwafanya hivyo hivyo hata watu wazima wenye afya zao: uso unawaka, mwili unawasha, na ile sumu haitoki hata umpike vipi. Mimi jodari namnunua nikimwona anashushwa chomboni. Vinginevyo nampita.

Kosa jingine lilikuwa letu, hatukuwaambia. Julai ni kusi. Upepo unavuma, vyombo vidogo haviendi mbali, na sokoni unakuta samaki wachache kwa bei ya hasira. Desemba kaskazi imeshaingia, bahari inatulia, na nguru wanaanza kuonekana. Kwa hiyo sikupi jina la mgahawa kwanza. Nakupa kalenda ya mwezi.

Ziwa lenu la Victoria huko Mwanza haliji wala haliondoki, ndiyo maana mnadhani samaki yupo tu saa zote kama sukari dukani. Huku maji yana saa zake. Mwezi unakuwa giza tarehe 23 Desemba, na siku zinazofuata ni bamvu: maji yanatoka mbali kabisa, halafu yanarudi kwa nguvu. Hapa Unguja siku za bamvu maji huwa makavu mnamo saa nne za asubuhi na kujaa mnamo saa kumi za jioni, kisha kila siku yanajivuta mbele kidogo. Mkikaa tangu tarehe 20 hadi 29, kama ulivyosema, mtakuwa mmeupata uzuri wote wa katikati, na maji mafu, yale yasiyotoka mbali wala kujaa sana, yatawakuta mkifunga mabegi.

Sasa panga hivi. Tarehe 24 mchana tunakwenda Chwaka.

Najua Chwaka haimo kwenye ile orodha uliyotumiwa na mwenzako wa kazini. Ni kijiji cha pwani ya mashariki, kwenye ghuba yenye mikoko na nyasi za baharini, na ghuba yenyewe ni fupi ya maji. Yakitoka, vyombo haviwezi kusogea. Vinangoja mpaka yajae. Ndiyo raha yake: huna haja ya kuamka alfajiri. Siku ya bamvu unafika baada ya swala ya alasiri, unasimama mchangani, na matanga unayaona yakija moja moja. Samaki wa pale ni tasi. Anakula nyasi za ghubani, wanamtega kwa madema, na akikaangwa siku hiyo hiyo kwa chumvi na ndimu basi, hana haja ya kitu kingine. Lakini waambie watoto wasimshike akiwa mzima, miba yake ina sumu na inauma mpaka mtu mzima analia. Mimi nilishalia.

Mnada unafanyika hapo hapo. Dalali anamwaga samaki chini au ananyanyua mtungo, anataja bei, watu wanapandisha kwa jicho tu. Wewe usitie mkono! Ukijikuna pua umeshanunua. Simama na mimi, mnunuzi mdogo wa kijijini akishachukua mtungo wake tunamwomba atugawie, tunamwongezea kidogo, kila mtu anarudi kwake kwa amani. Ukinunua mwenyewe na hiyo lafudhi yako ya Kisukuma, nakuhakikishia bei itakuwa ya ndege.

Mkaguzi awe Kulwa, maana ana macho makali. Jicho la samaki liwe limetuna na linang'aa, lisiwe limezama na ukungu. Fungua matamvua, yawe mekundu ya damu. Bonyeza kwa kidole, nyama irudi. Na harufu iwe ya bahari. Watu wanasema samaki ananuka samaki, si kweli. Akianza kunuka samaki ameshachelewa. Haya unayajua kwa sato, sheria ni ile ile.

Jioni tunarudi mjini, nyinyi mnakwenda misa ya usiku kanisa la Minara Miwili, mama anabaki na samaki.

Krismasi yenyewe mtakula kwetu na hilo halina mjadala. Asubuhi nitapita Darajani, soko lile la tangu 1904, upande wa samaki. Ukipenda uje nami, ila vaa viatu visivyoogopa maji, na kanga ya kujifunika mabega. Pale kuna vijana wa kupaa magamba. Unanunua kwa huyu, unampa yule, wakati unanunua tungule (nyanya zenu) na thomu (kitunguu saumu) anakwisha. Nitatafuta changu wakubwa au kolekole kwa ajili ya kupaka. Hujawahi kula samaki wa kupaka wa nyumbani, ulichokula Dar kwenye ile harusi kilikuwa samaki na tui vilivyokutana kwa bahati mbaya. Samaki anachanjwa, anatiwa chumvi, ndimu, thomu, tangawizi na pilipili, anachomwa kwenye makaa mpaka ngozi inakaza. Tui zito linapikwa pembeni na ukwaju mpaka linakuwa kama uji, halafu unampaka, unamgeuza, unampaka tena, tui linaingia kwenye ile michanjo na linaungua kidogo pembeni. Hapo kwenye kuungua ndipo watu wanapogombana. Wali wa nazi, kachumbari, na mama atakupa achari yake ya embe ukimsifu vya kutosha.

Changu mmoja nitamweka mbali, simpaki wala simtii nazi. Huyo ni wa shemeji.

Tarehe 26 kusini. Maji yatakuwa makavu karibu na adhuhuri, kwa hiyo tukifika Jambiani asubuhi tutawakuta akina mama wameshateremka miambani na vijiti vyao, wanachokoa pweza kwenye mashimo. Watoto wafuatane nao kama wakikubaliwa, lakini wavae viatu, kuna urumba, wale viumbe wa baharini wenye miiba. Akishatolewa, pweza anapigwa na kupondwa mpaka alainike. Pweza mgumu kama mpira wa baiskeli hakupata kipigo chake, wala hakupewa muda wa kuchemka. Mtafute mama ntilie kijijini, mpe pesa ya pweza na nazi mapema, mwambie mtarudi saa nane. Nenda ukaogelee. Utakapokaa kula pweza wa nazi pale kwenye kibaraza chake utaona hata haja ya kuuliza orodha ya vyakula hakuna, kipo kimoja. Kizimkazi pia wana pweza wazuri, na wana desturi nzuri ya kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Ukiufungua wanatoka wakubwa kweli. Ukiambiwa mwamba umefungwa, usibembeleze.

Ukiwa upande huo mtu atakuambia mwende Pingwe, kwenye ule mgahawa uliojengwa juu ya jiwe baharini, maji yakiwa makavu unakwenda kwa miguu na yakijaa unavushwa kwa mashua. Nendeni mkapige picha, ni pazuri sana, sisemi uongo. Kula, kuleni kwa mama ntilie. Ni ushauri wa mtu mwenye mshahara wa serikali.

Na Forodhani, ile bustani ya ufukweni wanapouza chakula usiku? Nimeona umeiandika kwa alama tatu za mshangao. Tutakwenda, jioni ya tarehe 21, siku ambayo mtakuwa bado na uchovu wa safari. Mtakaa mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la sultani, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na bado inaniuma kuiona vile. Mtakunywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, mtakula urojo, ule mchuzi mzito wa uchachu, watoto watataka ile wanayoiita pizza, ambayo bibi yangu angeitambua kuwa ni mantabali, chapati ya nyama na mayai, iliyosafiri nje ikarudi na jina jipya. Vijana wataruka baharini pale ukutani, Doto atataka kuruka nao, mkatazeni. Mishikaki ya kamba na ngisi ile inayopangwa mezani inapendeza kwa macho, lakini samaki aliyekwisha kuchomwa huwezi kumfungua matamvua ukamuuliza amefika lini. Ukitaka kula, uliza bei kabla hajaweka kitu motoni, kila mshikaki peke yake, na uirudie bei kwa sauti. Mimi niliyezaliwa hapa nilishawahi kukaa meza fulani ya pwani, sitaji wapi, nikanyamaza kwa aibu ya kuuliza bei mbele ya wageni wangu, nikalipa kamba sita kwa pesa ya kiroba cha mchele. Aibu ilinitoka siku ile moja kwa moja.

Papasi, wale vijana wanaowaandama wageni, wakiwafuata kuwaonyesha "mgahawa wa rafiki yangu", mjibu kwa Kiswahili kwa upole na mwendelee kutembea. Wengi ni watoto wa watu wanaotafuta riziki, lakini kamisheni yake utailipa wewe kwenye sahani.

Jambo moja la pembeni, litamfurahisha shemeji kwa sababu ya biashara yake. Giza la mwezi ndilo msimu wa dagaa. Wavuvi wanatoka na taa usiku, na mbalamwezi ikiwaka wanalala nyumbani, kama kwenu tu. Mkienda kaskazini kupitia Mangapwani mtaona dagaa wamechemshwa na kuanikwa uwanja mzima, na wanunuzi wengi ni Wakongo, hao hao wanaokuja kununua wenu Mwanza. Atapata watu wa kuzungumza nao. Wewe na mimi tutaendelea mpaka Mkokotoni, pale ng'ambo ya Tumbatu, tukanunue dagaa wabichi wa kukaanga. Unawakaanga mpaka wanalia wakitafunwa, unabana ndimu. Nisingekwenda Nungwi kwa ajili ya kula, ila kutazama wanavyounda majahazi, hapo sawa.

Kambakoche, wale kamba wakubwa, sijawataja kwa makusudi. Ni ghali, shemeji atalinganisha na bei ya mbuzi, na safari nzima itaharibika.

Hoteli kwa hiyo chukueni ya mjini, ya kulala na chai ya asubuhi tu, msilipie chakula cha mchana na usiku. Hilo ndilo lililowaponza mara ile: mlikwisha kulipa, mkaona dhambi kula nje.

Niandikie mkishakata tiketi za boti nijue mnatoka Dar saa ngapi, nimwambie mjomba wa Chwaka atuwekee nafasi. Njoo na ndoo yenye mfuniko unaokaza, utarudi na papa mkavu, na abiria wenzako hawatakushukuru. Shemeji naye mwambie aje na sato mmoja wa kuvuta moshi, mkubwa, yule anayejivunia. Siku ya Krismasi tutampika, tutampakua kwenye sinia moja na yule changu niliyemweka pembeni, na mama yangu atakula kutoka pande zote mbili bila kuambiwa yupi ni yupi.

Wabusu Kulwa na Doto.

Shoga yako wa siku zote,
Mama Nasra